Gari Lililozimika Njia ya Chunya

Siafu walitoka kwenye kisanduku chao, wakapanda tairi la mbele na kuzama ndani ya injini. Hawakuwa wadudu. Walikuwa mashine ndogo za chuma, kila moja na jicho lake na sikio lake, na kwa pamoja waliweza kulikagua gari zima kabla chai haijapoa. Wengine waliingilia kwenye matundu ya plagi, wengine kwenye kabureta, na kundi la mwisho likateremka ndani ya tangi la petroli. Kisha sauti ikatoka kisandukuni, tulivu kama ya daktari:

"Injini ni nzima."

Mhandisi Tusajigwe alitabasamu. Yeye ndiye aliyewabuni. Jijini Mbeya magari karibu yote yalijiendesha kwa umeme, na ni wapenzi wachache wa magari ya kale waliokuwa bado na kibali cha kushika usukani. Lakini ajali ikitokea, liwe gari jipya au la zamani, polisi waliwamwaga siafu, na walichosema siafu ndicho mahakama ilichoamini.

Gari lililokuwa bandani kwake lilikuwa dogo la saluni, la kijani, kuukuu kuliko yeye. Alilinunua kwenye mnada wa jiji likiwa limebonyea ubavu mzima wa kushoto. Kila akirudi kazini alivaa ovaroli akajilaza chini yake. Alinyoosha bodi, akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akarekebisha platini za kuleta cheche mpaka injini ikanguruma kwa utulivu, hata bilauri ya maji juu ya boneti haikumwagika. Alitaka kulipandisha mlima Siku ya Magari ya Kale.

"Twende tukalijaribu njia ya Chunya," alimwambia mumewe Ambilikile, ambaye alikuwa muuguzi.

"Sawa, ila nabeba na jiwe la kuzuilia tairi," Ambilikile akamjibu akicheka. "Mashine zako nazipenda, mama Subi, lakini ule mlima naujua."

Walianza vizuri. Katikati ya mwinuko mkali gari likakohoa, likamisi, likazimika. Breki nazo, injini ilipokufa, zikawa ngumu kama ukuta. Gari likaanza kurudi nyuma. Ambilikile akaruka nje na jiwe lake, akaliwahi tairi la nyuma.

Tusajigwe alifungua kifuniko cha tangi, maana siafu hupitia hapo pia, akawamwaga. "Injini ni nzima," sauti ikasema. Akapiga stata, likawaka. Wakapanda tena, na mbele kidogo likazimika vilevile.

"Safari hii siwaiti," alisema, akikunja mikono ya ovaroli.

Alichomoa waya wa plagi akaona cheche ipo. Basi umeme haukuwa na shida. Akafungua kabureta, akakuta bakuli lake kavu. Akachomoa mpira unaoleta petroli na kumwambia mumewe apige stata. Halikutoka hata tone, na tangi lilikuwa na petroli ya kutosha. Pampu ilikuwa mpya, mpira haukuziba. Tusajigwe akasimama, mkono kiunoni. Petroli ikitoka tangini, alijiuliza, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Inaingilia wapi?

Alikwenda nyuma, akazungusha kifuniko polepole. Tangi likavuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji.

"Piga stata!"

Petroli ikaruka kutoka mpirani, ikalowesha mkono wake.

Alikigeuza kifuniko. Kitundu cha hewa, chembamba kama ncha ya sindano, kilikuwa kimezibwa na kutu. Tambarare gari lilikunywa kidogo na halikusumbuka. Mlimani lilikunywa sana, na tangi lisilopata hewa likaing'ang'ania petroli. Na siafu, ili waingie, ilibidi kifuniko kifunguliwe kwanza. Kila walipokagua, ugonjwa ulikuwa umeshaondoka.

"Nimekukamata!" Tusajigwe alicheka kwa sauti.

Ambilikile hakucheka.

"Mama Subi, hili si lilikuwa gari la Mzee Gwamaka?"

"Ndilo. Kwani vipi?"

"Lilimzimikia njia hiihii. Likarudi nyuma, likaangukia korongoni kwa ubavu wa kushoto. Mkewe alikuwa amekaa upande huo, hakupona. Siku ile nilikuwa zamu. Mzee alirudia neno moja tu, kwamba gari limezimika lenyewe. Siafu walisema injini ni nzima. Mahakama ikasema ni uzembe wake. Mpaka leo watoto wake hawakanyagi kwake."

Tusajigwe alikitazama kile kifuniko kiganjani. Alizibua kitundu kwa waya, akakirudisha, akageuza gari.

Walimkuta Mzee Gwamaka barazani akimenya viazi. Alilitambua gari kabla hawajashuka, kisu kikabaki hewani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Tusajigwe alimweleza yote, bila kujitetea. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akakitazama kifuniko alichoonyeshwa, akatikisa kichwa taratibu.

"Kesho naenda mahakamani," Tusajigwe alisema. "Siafu wasimamishwe mpaka niwarekebishe, na kesi yako isikilizwe upya. Na za wengine pia."

"Mahakamani nenda, mwanangu. Ila mahakama itasubiri. Nina binti yuko Iringa. Mimi nimemwambia mpaka nimechoka. Mwambie wewe."

Akamwelekeza kwenye kioo cha simu ukutani. Tusajigwe, aliyezoea kusimama mbele ya mawaziri akiisifia kazi yake, alikisogelea akijifuta mkono kwenye ovaroli. Kioo kikawaka. Uso wa mwanamke ukatokea.

"Haloo, nani mwenzangu?" Kisha akamwona baba yake nyuma ya mgeni, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kitufe cha kukata.

"Usikate," alisema Tusajigwe. "Naitwa Tusajigwe. Mimi ndiye niliyewabuni siafu. Baba yako alisema kweli."

Mkono ukasimama.