Maji ya Boti ya Muthama

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya Nyamai siku ile lilikuwa kupaka grisi beringi za trela. Alizungusha tairi kwa mkono, akasikiliza. Lilizunguka bila kukwaruza. Akaliinua trela juu ya mawe ili matairi yasibebe uzito hadi mvua ya Novemba, kisha akaingia chini ya boti kuchomoa kizibo cha tundu la kutolea maji.

Boti ilikuwa ya Muthama. Mvua za Aprili zilipofurisha mto na kukata barabara, ndiyo iliyovusha watu. Mto ukikauka huletwa gereji ya Nyamai hapa Mwingi, kusafishwa na kuhifadhiwa. Mwaka huu Nyamai aliipokea bila neno, ingawa katika safari moja kizibo cha kubahatisha kilichomoka katikati ya mto, na miongoni mwa waliozama alikuwamo mkewe, Syombua. Matangani Muthama alishika Biblia akaapa kwamba amenunua kizibo cha mpira, kwamba kosa lile halitarudiwa.

Alichochomoa Nyamai kilikuwa gunzi la mahindi lililoviringwa nailoni, kama la kuzibia mtungi wa maziwa.

Alilitazama, akalitia mfukoni. Ndani ya boti mlikuwa na maji ya mto. Yalipaswa kumwagwa ukingoni, lakini Ukambani maji hayamwagwi. Vijana wa Muthama waliyaacha humo, naye Nyamai akayakinga kwenye pipa la bluu ili ayatumie kusuuza injini ya boti. Yalifika nusu.

Kesho yake pipa lilikuwa limejaa pomoni.

Mchana, jua likiwa utosini, alifunga injini ukingoni mwa pipa, akavuta kamba. Injini ilikohoa, ikawaka, maji yakachemka rangi ya udongo, na harufu ya mafuriko ikaijaza gereji, harufu ya mizizi iliyong'oka na mbuzi waliovimba, na chini ya ngurumo akasikia watu wengi wakiita kwa mbali, wakiitana majina, wakimwita Mungu, mpaka sauti zikazimika moja baada ya nyingine na ikabaki moja tu, ya mwanamke, tulivu, karibu kabisa na sikio lake, ikimwita jinsi Syombua alivyomwita akiandaa chakula.

Alizima injini. Sauti haikuzimika.

Jioni Ijabo, jirani aliyeuza maziwa ya ngamia, ambaye mtaa ulimwita Mama Sahal, alichungulia langoni.

"Fundi, hiyo pipa yako inaongea. Wateja wangu nimewaambia ni redio."

"Ni redio, Mama Sahal."

"Redio gani inalia na stima imepotea tangu asubuhi?" Aliingia, akasimama mbali na pipa, akashusha sauti. "Hiyo ni jini ya mto. Mmeitoa kwao kama kuku kwa gunia."

"Ni Syombua."

"Si yeye, ndugu yangu. Amevaa sauti yake tu, kama nguo ya kuazima. Anakuuliza nini?"

"Anauliza nani aliweka gunzi."

Ijabo alijifunika mdomo kwa shela. "Usimjibu. Ukimpa jina, ataenda na mwenye jina. Kaka yangu Ahmednur atakuja kesho, atasomea hayo maji, tuyarudishe mtoni. Ataondoka."

"Na sauti?"

"Sauti ndiyo ya kwanza kwenda."

Usiku huo kitu kiligonga pipa kutoka ndani, taratibu, kama mtu anayebisha nyumba anayoijua. Nyamai akamulika tochi. Nywele ndefu, nyeusi, zilikuwa zikizunguka polepole ndani ya maji, zikizunguka na kuzunguka bila kichwa kuonekana, ilhali Syombua alikuwa akinyoa nywele zake fupi tangu wajuane. Na kutoka chini ya zile nywele sauti yake ikauliza tena, kwa upole uleule, nani.

Basi Ijabo alisema kweli. Hakuwa yeye. Nyamai alilifikiria hilo kwa makini, akaona halibadilishi lolote. Akaweka kiganja juu ya pipa na kuisikiliza ile sauti hadi majogoo, kwa sababu hakutarajia kuisikia tena.

Asubuhi, kabla Ahmednur hajafika, alishusha trela kutoka kwenye mawe, akaziba boti kwa kizibo cha mpira alichokinunua mwenyewe, akarudisha maji yote ndani na kuyafunika kwa turubai. Akaivuta kwa pikapu hadi kwa Muthama.

Muthama alitoka na taulo begani, mswaki mdomoni. "Fundi, mapema hivi? Na haya maji?"

"Ni yako, mzee. Nikiyamwaga si utanilaumu?"

Muthama akacheka. "Hapo umesema. Tangi liko kavu tangu juzi, na mama watoto amewapeleka Kibwezi kwa nyanya yao. Sina hata wa kunichotea."

"Uko peke yako?"

"Peke yangu kabisa. Tia humo, hata nioge."

Nyamai aliunganisha mpira wa pampu, akayahamisha maji yote kwenye tangi, hata yale ya mwisho yaliyotuama kwenye kona ya boti. Akatoa gunzi mfukoni, akalitumbukiza. Akainama juu ya mdomo wa tangi na kunong'ona jina moja.

Ndani ya nyumba bomba la bafu lilifunguliwa. Nyamai akafunika tangi, akakaza kifuniko kwa mikono miwili.