Shimo la Kora

Ijumaa ile Mwalimu Ghattas aliamka na furaha ya mtoto siku ya sikukuu. Sisi majirani zake hapa Karak tulimsikia akipiga mluzi huku akipakia kamba, kofia ngumu na tochi kwenye gari la shemeji yake. Mkewe, Najla, alimfungia mikate yenye kiungo cha zaatari na mayai ya kuchemsha, akamjazia chupa ya kahawa.

"Ukimkuta huyo Kora wako," alimtania mlangoni, "mwambie nimekosa harusi mbili kwa ajili yake."

Kwa miaka ishirini na miwili, tangu alipokuwa bado anafundisha jiografia, Ghattas alitafuta mahali ambapo ardhi ilipasuka ikammeza Kora na wenzake, wale wanaume mia mbili na hamsini waliomfanyia Musa njama kule jangwani, kila mmoja na chetezo chake cha uvumba. Wataalamu walimcheka. Hakuwa na shahada ya mambo ya kale. Alikuwa na madaftari kumi na manne, ramani alizochora kwa mkono wake, na Labib.

Labib, kaka yake Najla, alikuwa na studio ya picha karibu na ngome. Hakukosa safari hata moja. Ghattas, ambaye hakujaliwa mtoto wala ndugu wa kuzaliwa naye, alizoea kutuambia, "Mungu kanipa mke mmoja na pacha mmoja."

Gari liliteremka makona yote hadi kando ya Bahari ya Chumvi, joto likizidi kila kona. Labib, ambaye kwa kawaida huimba mpaka umwombe anyamaze, siku hiyo hakuimba.

"Vipi, pacha? Mbona umepoa?"

"Tumbo tu, Mwalimu."

Bahari ile inarudi nyuma kila mwaka, na pale ilipokuwa zamani ardhi hudidimia ghafla na kuacha mashimo. Wenyeji wanayajua na kuyakwepa. Lakini Umm Sweilem, mjane anayechunga mbuzi huko, aliwaambia kwamba shimo moja ni la kale. Bibi yake alilijua, na bibi wa bibi yake. Aliwakuta hapo akiwa na punda wake, akawaonyesha kwa fimbo, lakini hakusogea.

"Mume wangu alisimama pale saa sita mchana," alisema kwa sauti ndogo. "Akasikia ndugu zake wakigawana mifugo yake. Na yeye bado mzima, jamani, amesimama."

"Ndugu zake walikuwa wapi?" aliuliza Ghattas.

"Kila mtu kwake. Alikufa mwezi uleule. Wakagawana vilevile alivyosikia, mpaka yule beberu kilema."

Labib alicheka, kicheko kikavu. "Mama, huo ni upepo."

Siku hiyo hapakuwa na upepo.

Ghattas alijifunga kamba kiunoni. Labib akaizungusha kwenye chuma cha nyuma ya gari, akaishika. Mwalimu alishuka taratibu, akisukuma ukuta kwa miguu: udongo, chumvi, udongo. Kwenye kina cha mita nane, tochi ikaonyesha jiwe lililochongwa, na juu yake alama ya vyetezo, vile vyombo vya kufukizia uvumba. Vimepangwa safu kwa safu. Ndicho alichokitafuta miaka yote hiyo.

"Labib! Tumepata jiwe! Wallahi tumepata!"

Jibu lilitoka chini.

"Mzee hana habari," ilisema sauti ya Labib, tulivu, kama ya mtu anayezungumza kwenye simu. "Ramani zote ninazo. Nimezipiga picha daftari kwa daftari. Kitabu kitatoka kwa jina langu."

Ghattas aliinua uso. Juu, Labib alikuwa kivuli tu kwenye mwanga, midomo imefungwa.

Chini, sauti nyingine ikafuata. Aliijua kuliko yake mwenyewe.

"Usimwambie mpaka kitoke," alisema Najla. "Ataumia, lakini atazoea. Mimi nimechoka kuishi na mashimo."

Alihisi kama mtu aliyechomolewa mifupa. Hakulia. Alining'inia tu, jasho likimdondoka kwenye nyusi, akisikiliza miaka yake ikigawanywa. Halafu minong'ono mingine ikaamka, mingi, ya wanaume kwa mamia, kwa lugha asiyoijua. Na katikati yake, sauti ya Labib ikarudi. Safari hii ilikuwa inalia.

"Kamba ilikatika. Nilijaribu kumshika. Mungu ni shahidi, nilijaribu."

Ghattas alitazama kamba. Ilikuwa nzima.

"Labib," alinong'ona. "Nivute."

Kivuli kiliinama. Kitu kikametameta mkononi.

"Nisamehe, Mwalimu. Ukitoka na hilo jiwe, sina kitabu."

Kisu kikapita kwenye kamba, Ghattas akaanguka.

Hakuanguka mbali. Kulikuwa na ukingo wa chumvi mita mbili chini, ukampokea kwa ubavu. Giza. Vumbi. Minong'ono ikakoma kwa mpigo mmoja, kama watu wanaomwona mgeni akiingia.

Juu, Labib alipiga ukelele. Mfupi.

Kisha kimya.

Umm Sweilem ndiye aliyemtoa. Alifunga kamba ya punda kwenye ile iliyobaki, akateremsha, punda akavuta. Ghattas alipotokeza kichwa kwenye mwanga alishika jembe lililokuwa karibu, akamtafuta pacha wake.

Viatu vya Labib vilikuwa kando ya gari. Vimesimama sambamba, ncha zikielekea shimoni, kamba zimefungwa vizuri. Ghattas aliviinua. Havikuwa na soli. Ardhi chini yake ilikuwa ngumu, nyeupe, haina hata ufa.

"Alikwenda wapi?" aliuliza.

"Hakwenda," alisema Umm Sweilem, akawageuza mbuzi wake.

Polisi walikuja, wakapima, wakauliza yaleyale mara tatu. Simu ya Labib ilikuwa kwenye kiti cha gari. Koplo aliifungia kwenye droo ya kituo mbele ya macho ya Ghattas. Saa saba hiyo. Walimwachia alasiri, wakampakia kwenye lori la nyanya lililokuwa likipanda Karak.

Njia nzima alipanga maneno ya kumwambia Najla. Alianza na maneno ya kuuliza. Kila kona yalizidi kuwa mabaya. Kufika nyumbani, saa moja jioni, hayakuwa maneno tena.

Najla alikuwa amesimama juu, mwisho wa ngazi za mawe zinazopanda darini, begi mkononi, macho mekundu. Hakushuka.

"Ulijua," alisema Ghattas.

"Nilijua habari ya kitabu. Ya kamba sikuijua, naapa kwa Bikira." Alikumbatia begi kifuani. "Labib alinipigia saa nane. Alisema kamba imekatika."

"Saa nane simu yake ilikuwa kituoni."

"Yangu iko hapo mezani. Isikilize mwenyewe."

Simu ya Najla ilikuwa inawaka. Ilikuwa inahesabu muda wa maongezi: saa tano, dakika tatu. Haikuwa imekatwa. Ghattas aliiweka sikioni. Minong'ono ya wanaume wengi. Kisha mmoja akasogea karibu, akasema kwa utaratibu, kwa sauti ya kufundishia darasani, sauti yake yeye Ghattas:

"Aliteleza kwenye ngazi. Nilijaribu kumshika."

Aliinua macho. Najla alikuwa anamtazama kutoka juu, mkono umekamata ukuta.

"Inarudia hivyo tangu saa nane," alinong'ona. "Toka nje, Ghattas. Toka kwanza, ndipo nishuke."

Mguu wake ulikuwa tayari kwenye ngazi ya tatu. Hakukumbuka kupanda.

Alitoka. Alikaa barabarani kwetu, kwenye mawe, mikono ameikalia. Najla alishuka, akapita bila kumtazama, akaenda Madaba kwa shangazi yake. Hakurudi. Wiki iliyofuata Mwalimu alimwita fundi, akaziba ngazi kwa matofali kuanzia chini mpaka juu.

Mimi nilimsaidia kubeba matofali. Mezani, pale simu ilipokuwa imelala, pana alama ya mstatili ya chumvi nyeupe. Tuliifuta kwa kitambaa kibichi, tukasugua kwa ndimu. Asubuhi ilikuwepo. Na katikati yake, zimechorwa ndogondogo kama kwa ncha ya sindano, alama za vyetezo, safu kwa safu. Fundi alizihesabu mpaka mia mbili na hamsini na moja.

Ya mwisho ilikuwa bado mbichi.