Jasho Ndani ya Kofia

Zadock Komba alitoka kazini saa kumi na nusu jioni. Kiza cha Januari kilikuwa kimeshaanza kuifunika barabara kuu ya I-35. Akampigia simu mkewe Maureen, aliyekuwa nyumbani kwao New Hope.

"Napitia Burnsville mara moja. Kuna mzee ana kofia ya Kijerumani, anataka niikague."

"Usichelewe, baba. Nimeshabandika maharage."

Kabla ya kuja Marekani kuogesha wazee wa watu, Zadock alikuwa mtunza vifaa kwenye jumba la makumbusho kwao Songea. Wakusanyaji wa vitu vya kale walimfahamu mtandaoni. Walimtumia picha za kofia za askari wa Kijerumani waliotumikia makoloni, naye aliwaambia ipi ni halisi na ipi imeshonwa juzi kwa ajili ya sinema.

Mzee mwenyewe aliitwa Lorenz. Aliishi peke yake. Kofia ilikuwa juu ya meza ya jikoni, imewekwa kwenye taulo.

"Taulo la nini?" Zadock aliuliza kwa Kiingereza.

"Huwa inalowa."

Zadock alidhani amesikia vibaya. Akavaa glavu, akaiinua. Ilikuwa ya gome jepesi kama kizibo, imefunikwa kitambaa cha kaki. Mbele ilikuwa na beji ya duara, nyeusi, nyeupe na nyekundu. Akaimulika kwa kurunzi ya mwanga wa zambarau. Nyuzi za siku hizi hung'aa. Hizi hazikung'aa. Akaupindua ukanda wa ngozi wa ndani, akaona muhuri wa Berlin uliofifia, na chini yake neno moja la wino.

*Ssongea.*

Kwa S mbili, kama Wajerumani wa zamani walivyoandika. Wenye kughushi hawakumbuki kitu kama hicho.

"Ni halisi," akanong'ona, moyo ukimdunda kwa furaha.

Kisha akahisi unyevu ukipenya kwenye glavu. Jasho. Bichi... tena la moto.

"Ilikuwa ya babu yangu," Lorenz alisema. "Inaongea. Miaka kumi na moja inaongea, nami sielewi. Ndiyo maana nikamtafuta mtu wa Songea. Hebu sogeza sikio."

Zadock akainama.

Halafu, kutoka ndani ya kofia, sauti ya mwanamume, Kiswahili chenye lafudhi ya kigeni:

"Nani anafuata?"

Akaruka nyuma.

"Imesema nini?" Lorenz alimshika mkono. "Niambie!"

"Inauliza... nani anafuata."

Mzee akafumba macho kama mtu aliyepewa maji baada ya kiu ndefu.

"Kumbe ilitaka jina tu."

Akafungua shati, akageuka. Mgongo wake wote ulikuwa michirizi, mingine mikavu, mingine ikivuja damu. "Kila jioni," alisema. "Kila jioni, kwa kuwa sikujua cha kujibu."

Akaiinamia kofia. Akatamka polepole, vizuri kabisa.

"Zadock Komba."

Chwaa!

Zadock alianguka magotini, mgongo ukimwaka moto. Hakuna aliyemshika, lakini hakuweza kuinuka.

"Moja," sauti ikahesabu.

Kufikia kiboko cha tatu alishaelewa. Hamsa ishirini. Viboko ishirini na tano vya Mjerumani, ambavyo wazee wa kwao walivitaja kwa sauti ya chini. Kufikia cha tisa alikuwa amejikojolea. Hapo sauti ikamsogelea sikioni, ikinuka tumbaku.

"Nani anafuata?"

Lorenz alikuwa mbele yake, akifunga vifungo vya shati. Jina lake lingetosha. Lakini maumivu hayampi mtu nafasi ya kuchagua. Mdomo ulimwita yule ambaye ulizoea kumwita.

"Maureen!"

Viboko vikakoma.

Hakumbuki alivyoendesha gari. Simu ya Maureen iliita tu. Alipofungua mlango, maharage yalikuwa yameungua na king'ora cha moshi kinalia. Maureen alikuwa kifudifudi sakafuni. Blauzi yake haikuchanika, ila damu ilikuwa ikipenya.

"Mama... nani kakufanya hivi?"

"Nimekusikia," Maureen alisema. "Umenitaja."

Zadock akamshika mkono. Maureen akautoa.

"Ameishia... cha ngapi?"

"Vyote. Alikuwa ananiuliza nani anafuata. Jina lako lilinifika hapa kwenye ulimi." Akageuzia uso ukutani. "Nikalimeza."

Daktari aliwafunga vidonda. Wiki iliyofuata Zadock alirudi Burnsville, akakuta nyumba tupu. Wala kofia, wala Lorenz.

Maureen hakuhama. Anapika, anaenda kazini, anasali. Lakini kila jioni, kiza kikianza, huacha anachofanya na kuinamisha kichwa, kama mtu anayeulizwa jambo kwa karibu. Kisha huuma kitambaa na kushika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

Zadock husimama mlangoni, hathubutu kuingia. Humtazama midomo.