Mgeni Asiyenawa

"Mama, yule susu mwingine hakunawa mikono."

Kaluki alisema hivyo saa nane mchana, jua la Wamunyu likichoma mpaka mabati inalia, na mama yake, Nzisa, akaacha kukunja nguo. Alikuwa amekaa hapo kwa mlango tangu asubuhi. Hakuna mtu alikuwa ameingia. Hata nzi ikipita hapo ilikuwa inaomba ruhusa.

Huo mlango ulijulikana kutoka Wamunyu mpaka Kithimani. Kaluki, mtoto wa miaka mitano, alikuwa na kansa ya damu, na daktari wa Nairobi alikuwa ameeleza wazazi polepole kwamba hizi dawa zinaua ugonjwa lakini zinaua pia askari wa damu. Kwa hivyo kila mtu anawe na sabuni kabla ya kumkaribia. Na siku mwili ukipanda joto, ifike thelathini na nane, hakuna kungoja baba, hakuna kungoja jioni, hakuna kujaribu Panadol. Ni kukimbia hospitali adungwe sindano. Ukingoja, unaweza kumpoteza kabla hakujakucha. Hayo maneno Nzisa aliyashika kuliko Baba Yetu.

Basi aliweka jerikeni ya bomba kwa mlango, sabuni ya mche, na yeye mwenyewe. Chifu alinawa. Katekista alinawa mpaka kwa kwapa. Mtu mmoja tu alikataa, na huyo ni Susu, yaani nyanya, mama ya bwana yake. Susu alisema hiyo mikono yake imezalisha nusu ya Wamunyu na hakuna mtoto hata mmoja alikufa kwa uchafu wake. Nzisa akasimama katikati ya mlango, hakusonga. Wiki tatu sasa Susu alikuwa anashinda kwa jiko lake ng'ambo ya uwanja, anachambua mbaazi, hasalimii mtu.

Na huyo mtoto ni wa jina lake. Susu ndiye Kaluki mkubwa. Ndiyo maana Masila, baba ya mtoto, mchongaji wa kuchonga twiga arubaini kwa siku moja bila kujikata, hakuwahi kutamka hilo jina hata siku moja. Utaita mama yako kwa jina kama unaita mbuzi? Alikuwa anamwita binti yake Mwaitu, yaani mama yangu, tangu siku alizaliwa.

Kwa hivyo Nzisa, akisikia ni susu asiyenawa, alijua ni nani ameingia kwa dirisha. Alivuka uwanja na hasira. Susu hakuinua macho kwa ungo.

"Mimi nikitaka kuingia," akasema, "nitaingia kwa mlango, na wewe ndiye utahama."

Kesho yake kulikuwa na harufu. Ilikuwa harufu ya mvua ikigonga vumbi, ile tamu, na mvua haikuwa imenyesha tangu Aprili, mpaka fisi walikuwa wanalamba umande kwa mabati ya watu. Hiyo harufu ilikuwa kwa chumba cha mtoto peke yake. Nzisa akashika kiti cha kando ya kitanda. Kilikuwa na joto, kama mtu ameinuka saa hiyo.

Mtoto alikuwa amelala macho wazi, kichwa bila nywele, mashavu yamefura juu ya vile vidonge vinaleta njaa. Nzisa akamuuliza kwa sauti ya chini huyo susu husema nini. Kaluki aliangalia kona kwanza, kama mtu anaomba ruhusa.

"Amesema nikisikia moto, nisikuambie."

Kuanzia hapo Nzisa hakuamini mtu. Alimpima mtoto kila nusu saa. Alishuku dada wa afya, akamshuku jirani anayeleta maziwa, akashuku hata usingizi wake mwenyewe. Masila alimwambia amechoka tu, lakini hiyo jioni alipigilia dirisha misumari.

Alhamisi, saa nane tena, themomita ikasoma thelathini na nane nukta nne.

Nzisa alimpigia Ndunda, dereva wa Probox, akamfunga mtoto mgongoni, akageuka, na Masila alikuwa amesimama ndani ya mlango. Hakuwa amesikia geti.

"Mshushe," Masila akasema. "Ngoja jioni. Ni mafua. Amedungwa ya kutosha."

Na hapo ndipo palikuwa pabaya, kwa sababu Masila, yule wa kweli, alikuwa amelia maneno hayo hayo wiki iliyopita, kwamba mtoto ametobolewa mpaka anavuja kama chujio, kwa hivyo maneno yalikuwa yake, na sauti yake, na shati yake ile ya kifungo kimoja cha rangi tofauti, lakini hiyo shati haikuwa na punje moja ya vumbi la mbao, haikunuka rangi ya viatu wanayosugulia vinyago, ilinuka mvua, mvua, mvua, na huyo mtu akainama kidogo akaangalia mgongoni kwa Nzisa akasema, "Kaluki amelala. Mwache Kaluki apumzike."

Nzisa akakaza leso ya mtoto.

"Nawa mikono," akasema.

"Nimenawa kazini."

"Nawa hapa, nikikuona."

Hakunawa. Aliweka mkono mmoja kwa fremu ya huku na mwingine kwa fremu ya kule, akitabasamu, na mlango ukaanza kuwa mwembamba, na Nzisa alikuwa anasikia joto la mtoto likipenya leso likichoma mgongo wake, na nje Probox ya Ndunda ikipiga honi, karibu hivi, hatua ishirini, na ilikuwa kama iko Mombasa.

Ndipo Susu akatokea huko nje na ungo wake. Aliangalia mgongo wa huyo mtu aliyeziba mlango. Wa mwanawe alikuwa ameuosha miaka mingi, anaujua.

"Huyu si wangu," akasema.

Akaweka ungo chini. Akafungua bomba ya jerikeni, akachukua sabuni, akanawa mpaka kwa kiwiko, bila haraka. Halafu akapita chini ya ule mkono, akaingia, akavuta kiti.

"Unatafuta Kaluki? Kaluki ni mimi. Hilo jina nimelibeba miaka themanini na mbili, huyo ameazimwa tu. Njoo tukae." Akamgeukia Nzisa. "Na wewe unangoja nini?"

Mikono ikateremka. Kile kitu kikageuza kichwa polepole kwa mwanamke mzee, kikinusa. Nzisa akatoka mbio.

Ndunda aliendesha mpaka Machakos magurudumu mawili hewani. Mtoto alidungwa sindano saa hiyo hiyo. Daktari alisema damu ilikuwa imeanza kuingiwa na viini, na kwamba jioni ingekuwa maneno mengine. Masila akafika amejaa vumbi la mbao, patasi bado kwa mfuko, akaita "Mwaitu" pale kitandani, na Nzisa akalia kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Walirudi siku ya tisa. Susu alikuwa mzima, kwa jiko lake. Sheikh Abdiwahid, mtu wa kufukuza majini hata kwa nyumba za Wakristo, alikuja kutoka Matuu, akasoma kila chumba, akasema nyumba ni safi. Halafu aliangalia upande wa jiko, na hakukaa kula.

Nzisa alienda kumuuliza Susu alikiambia nini kile kitu.

"Nimemwambia kwamba huyo mtoto ni mchungu kwa dawa. Hata akimmeza atamtapika. Angoje amalize dawa kwanza."

Dawa ilikuwa imebaki mwaka mmoja na miezi miwili.

Wiki iliyofuata, Masila akiwa amepeleka twiga Nairobi, Nzisa alivuka na sahani ya muthokoi, akasimama nje ya jiko. Ndani alisikia sauti ya bwana yake, ya chini, ya adabu.

"Dawa ya mtoto imebaki miezi mingapi?"

Mbaazi ilianguka kwa ungo, moja, moja.

"Miaka kumi na tisa," Susu akasema. "Kunywa chai."