Ramani Iliishia Kichuguuni

Aliyesimulia habari hii kwa mara ya kwanza ni Rosemary, mdogo wake Enesi, mwezi Agosti 2015, tulipokuwa tukipukuchua mahindi nyumbani kwa mama yao, Ikupa, kwenye kitongoji kimoja ng'ambo ya Ndalambo. Kabla ya siku hiyo hakuwa amemwambia mtu yeyote wa nje ya nyumba ile.

Enesi alifariki hospitalini Tunduma, Februari 2014, akijifungua. Mtoto naye hakuishi. Mumewe, Danford, alikuwa na Noah ya abiria. Aling'oa viti vya nyuma, akasema atamrudisha mke wake kwao mwenyewe.

Katika ukoo huu maiti haisafirishwi kimya. Marehemu haoni, husikia tu. Kwa hiyo ndugu mmoja wa damu hukaa karibu na jeneza, na kwenye kila mto na kila njia panda humwita kwa jina na kumwambia: hapa tunavuka, hapa tunakata kushoto, twende nyumbani. Kazi hiyo alipewa Rosemary, aliyekuwa na miaka kumi na tisa.

Mvua ilikuwa imekata barabara ya kawaida. Danford alipakua ramani kwenye simu akiwa bado mjini, akaibandika simu kwenye dashibodi. Bando lilikuwa limekwisha, na mbele huko mtandao ulikatika kabisa. Hata hivyo mshale wa bluu uliendelea kutembea, na sauti ya mwanamke ikasema Kizungu kila walipokaribia kona.

"Inaonaje njia bila bando, shemeji?" Rosemary aliuliza.

"Inasoma satelaiti. Huyu mama hali, halali, wala haombi lifti." Danford alijaribu kucheka, ikashindikana.

Kwenye njia panda ya kwanza Rosemary alianza, "Dada Enesi, hapa tuna..."

"Rose, nyamaza kidogo. Sisikii simu."

Akanyamaza. Njia panda ya pili simu ilisema kabla yake. Ya tatu vilevile. Mtoni alifungua mdomo, akamwona shemeji yake analia huku ameshika usukani, akaufunga.

Simu iliwatoa salama kwenye matope, kisha ikatangaza kwamba wamefika, katikati ya pori, penye kichuguu kirefu, kilomita mbili kabla ya nyumba. Ramani iliishia hapo. Danford akaizima. Wanaume wa ukoo waliokuja kuwapokea wakalibeba jeneza kwa njia ya miguu, na Enesi akazikwa jioni ile ile.

Kesho yake asubuhi simu ilikuwa juu ya meza. Danford alikuwa ameshaitoa laini na kuiweka kwenye simu ya tochi. Ile isiyo na laini ilijiwasha. Ramani ikafunguka, lakini mshale haukuonyesha pale nyumbani. Ulikuwa Tunduma, mlangoni pa hospitali, ukisogea polepole.

"Imechanganyikiwa," Danford alisema, akaizima. Ikajiwasha tena.

Ikupa akaisogelea. "Huo mwendo ni wa gari, mkwe?"

"Hapana, mama. Ni wa miguu."

Kwa siku mbili mshale ulifuata njia yao kona kwa kona. Siku ya tatu, saa tisa alasiri, jua likiwaka, ulifika kichuguuni ukaanza kuzunguka. Kuku uani wakanyamaza. Kutoka upande wa pori ikaja harufu ya dawa ya mochwari, kwanza kidogo, kama nguo iliyopita mbali, halafu nzito mpaka Rosemary akatoka mbio bila kujua anakwenda wapi, akajikuta amesimama penye kichuguu, na kwenye matope yaliyokizunguka kile kichuguu aliona nyayo za mwanamke, peku, mzunguko juu ya mzunguko juu ya mzunguko, na wa mwisho ulikuwa bado unajaa maji.

Usiku ule alimweleza mama yake kwamba hakuita.

Ikupa hakumgombeza. Alisema tu, "Basi alifuata simu. Na simu iliishia pale."

Asubuhi mshale ulikuwa Tunduma, ukianza upya. Wakamwita Mzee Mbonile, mganga.

"Aliyekufa haachi nyayo," alisema. "Hilo ni jini la njiani. Limeokota mtu asiyeitwa, limevaa sauti yake. Mkilionyesha njia litaingia humu, na litaanza na huyu binti."

"Na kama ni mwanangu?" Ikupa aliuliza.

Mbonile alitazama chini. "Hata kama yumo, mama, hatakuja peke yake. Simu izikwe pale pale. Likiuliza, asijibu mtu."

Mshale ulipokaribia, wote wanne walikuwa kichuguuni. Danford alichimba, Mbonile akamwaga dawa zake, simu ikawekwa shimoni ikiwa bado inang'aa. Harufu ikaja, ikawapita, ikasimama nyuma ya Rosemary, karibu kabisa. Kisha sauti ikatoka shimoni, si ya Kizungu tena bali ya Kinamwanga, lugha ya kwao, sauti ya Enesi aliyechoka, ikiuliza taratibu bila lawama, kama mtu aliyesinzia safarini akaamka:

"Rose, tumefika wapi?"

Rosemary alimtazama mama yake. Ikupa alikuwa ameuma kitenge, machozi yakimtiririka, na akatikisa kichwa.

"Rose? Mbona kimya?"

Danford akasukumia udongo kwa mikono yote miwili. Sauti iliuliza mara mbili zaidi chini ya udongo, kisha ikakoma. Harufu haikurudi tena.

Mzee Mbonile alifariki Juni 2015. Ikupa yuko hai. Danford yuko hai, anaendesha Noah ile ile, na njia huwauliza watu. Rosemary yuko hai. Akifika njia panda, hata mjini kati ya watu, hutamka kwa sauti ya chini upande anaokata, kisha hungoja kidogo kabla ya kuendelea.