Hasira Niliyoitoa Kwenye Phonie

— Allô Luhwindja, Luhwindja! Hapa Bukavu. À vous.

— Bukavu, tunakusikia. Ni mimi, Honoré. Domi, wacha nikuelezee...

Sikumwacha mchumba wangu aseme. Nilibonyeza kitufe cha phonie, ile redio ya kuitana ya misheni, kwa kidole gumba. Phonie ina tabia yake: ukibonyeza unasema, na wakati unasema humsikii mwenzako hata akilia. Mpaka useme "À vous", yaani zamu yako, na kuachia, ndipo naye asikike. Siku ile sikuachia.

— Unielezee nini? Samedi Papa amevaa costume tangu saa mbili ya asubui! Baba badogo bametoka Mudaka kwa miguu! Maman amepika, pombe ya kasiksi iko mezani, na kila motokari inapita mimi ninasema, "Ni ye huyu!" Jua linazama ningali ninasema, "Ni ye huyu!" Bajomba zako bamekuja na ng'ombe, Papa akakatala kupokea ng'ombe ya mutu mwenye haonekane, bakarudi nayo bakiangalia chini! Uko mwanaume wa namna gani? Mwalimu wa Kiingereza! Hiyo Kiingereza ikufundishe haya!

Na mengine siwezi kuyaandika. Ilikuwa Jumatatu baada ya ile samedi, Jumamosi ya mahari yangu, saa moja asubuhi, mwaka 1984. Nilikuwa sekretari kwenye ofisi moja ya mapadri, na nilijua kama ninavyojua Baba Yetu kwamba saa hiyo misheni zote hufungua phonie kupeana habari: Walungu, Kaziba, Burhinyi, Mwenga. Hasira ilinisahaulisha.

Nilipochoka nikaachia. Ikajibu sauti ya mtawa wa zahanati ya misheni.

— Domitille, ni masœur Constance, wa dispensaire ya Luhwindja. Honoré ametoka inje. Alijaribu kukujibu mara tatu, akaona uko unaendelea tu. Mutoto wangu, vendredi, kesho yake ikiwa samedi yako, mvua iliangusha shimo ya dhahabu. Batu saba babakia ndani. Muzungu mumoja, injinia, alikuwa anapita, njo alijua namna ya kuchimba bila kubaangushia udongo. Lakini anasema Kiingereza tu. Honoré alisimama kati yake na bachimbaji siku mbili, neno kwa neno, na ye mwenyewe akichimba. Batri ya phonie tuliipeleka kule shimoni kwa taa. Bote saba batoka bazima. Leo njo tunafungua phonie, na ye njo aliomba kusema wa kwanza. Alisema, "Domi ananingojea." À vous.

Kutoka Kaziba mtu akasema, "Bien reçu," yaani ujumbe umefika, na nyuma yake watu wakacheka.

Habari mbaya haina haja ya gari. Jioni nilipofika nyumbani Bagira, Papa Venant alikuwa ananingoja mlangoni.

— Ni kweli ulimugombesha mutoto ya batu, misheni zote zinasikia?

— Ni kweli, Papa.

— Mimi njo nilipata haya siku ya samedi, na nilinyamaza. Weye nani alikutuma?

Alhamisi ikaja barua kutoka kwa Madeleine, shangazi yake Honoré aliyemlea. Ilikuwa fupi:

"Domitille, sisi tuliomba bibi arusi, hatukuomba redio. Ng'ombe yetu iko inakula majani yake hapa kwetu. Madeleine."

Nililia siku mbili. Ningekuwa mimi shangazi ningeandika hivyo hivyo, pengine vibaya zaidi. Nilimpenda Honoré tangu siku aliponifundisha kuhesabu kwa Kiingereza tukipanga foleni ya mkate, na sasa nilikuwa nimempoteza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jumamosi akaja. Mikono yake ilikuwa na bandeji. Nilimwona akipanda kilima, nikatoka mpaka mlangoni.

— Umekuja kuvunja uchumba?

— Nipatie maji kwanza.

Akanywa. Akakaa kwenye benchi ya Papa.

— Domi, wiki hii nilifundisha neno moja mupya. "Rant."

— Maana yake?

— Kusema kwa hasira, sauti juu, murefu, bila kumuachia mwengine nafasi.

Niliinamisha kichwa.

— Ni matusi?

— Hapana. Matusi inaweza kuwa neno moja. Hii haiwezi kuwa neno moja, lazima iendelee. Na haiko lazima uwongo. Mutu anaweza kusema kweli tupu na ikabakia "rant". Banafunzi bakaniuliza, "Mwalimu, mufano!" Classe yote ikacheka. Habari zilikuwa zimefika.

— Na ukabapatia?

— Niliandika ubaoni: "She ranted because she had waited all day." Alifoka juu alingojea siku muzima. Nikabaambia, mutu asikate hii phrase katikati. Mwenye atasoma "alifoka" lazima asome na "alingojea".

Jamani, nilidhani nimemaliza machozi. Kumbe! Mtu niliyemwaibisha mbele ya nusu ya Kivu alikuwa amekwenda kunitetea kwa chaki.

— Lakini iliniuma, akaendelea. Haiko hasira yako njo iliniuma. Hasira ilikuwa na haki. Nilikuita Domi, Domi, Domi, na haukunisikia. Mimi niko naogopa nyumba ya hivyo.

— Nifanye nini?

— Mimi sikudai kitu. Lakini shangazi anasema kosa ya mbele ya batu haiombewe pardon mu jikoni.

Shangazi alikuwa na haki. Jumapili Honoré akarudi Luhwindja na lori la mbao. Jumatatu saa moja nilifungua phonie.

— Hapa Bukavu. Misheni zote munisikie. Ni Domitille, mwenye alifoka ile siku. Nilimuhukumu mutu mbele ya kumusikiliza. Honoré, pardon. Maman Madeleine, kama kuna mwenye atakufikishia, pardon. Nimemaliza. Museme benyewe. À vous.

Nikaachia, nikaweka mikono yote miwili mezani. Kwanza Burhinyi: "Tumekusamehe, mama." Kisha Kaziba: "Tumekusamehe, lakini asubui sasa zitakuwa baridi!" Mwisho Luhwindja.

— Domi, ambia Papa avae tena ile costume.

Shangazi Madeleine alikuja na ng'ombe yeye mwenyewe, siku kumi na mbili baadaye. Alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Sasa tumeona na sura," kisha akanikumbatia mpaka kitambaa changu cha kichwa kikadondoka. Honoré alikuwa amekuja kulala Bagira jana yake, kwa hofu ya mvua njiani. Papa akapokea ng'ombe.

Tulikuwa tumeanza kunywa wakati wanawake wawili walipoingia uani, miguu yao imejaa vumbi la njia ndefu. Mmoja alibeba kuku mweupe. Nilidhani ni watu wa Honoré, lakini walimpita Honoré, wakaja mpaka kwangu.

— Weye njo Domitille? Mimi ni Adolphine, huyu ni jirani yangu. Tumetoka Luhwindja. Babwana zetu balikuwa ndani ya lile shimo.

— Karibuni, mama. Honoré ni ule pale.

— Honoré tulimushukuru kule kule. Huyu kuku ni yako. Ile samedi ilikuwa siku yako, na ulitupatia.

Nikarudisha mikono nyuma.

— Mama, mimi sikubapatia. Nilikasirika. Nilifoka.

Adolphine akacheka, akanishikisha kuku.

— Tulikusikia, mutoto wangu. Tulikuwa pale mulangoni kwa masœur, na babwana zetu balikuwa ndani banakunywa uji. Tulisema, ule mudada iko na haki, naye alikuwa anangojea mutu wake. Sisi betu balirudi. Asante.

Nilimpokea kuku kwa mikono miwili, nikapiga magoti mbele yao na nguo yangu mpya, nikawashukuru mimi.