Kisweta cha Kafa Ulaya

Shadya alianza kujifunza kufuma kwa sababu ya mdomo wa mama mkwe wake. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika, na ya tatu ilipokuwa kubwa, mama huyo alisema sebuleni, wageni wakisikia, kwamba mkwewe hajui kutunza kitu. Yalimchoma Shadya. Akaapa mwanawe atatoka hospitali amevaa sweta lililofumwa na mama yake.

Jirani yake pale Mchafukoge, Bi Mgeni, alikubali kumfundisha. Akamtuma Mchikichini akanunue sweta la mtumba walifumue, wapate uzi.

"Ila kalifue kwanza kwa maji ya chumvi," alimwambia. "Mtumba ni kafa ulaya, nguo ya maiti wa Ulaya, haiingizwi ndani hivi hivi, mwanangu. Hujui nani kaivaa."

Shadya alirudi na kisweta cha bluu cha mtoto. Sufu ikilowa haikauki upesi, naye alikuwa na haraka. Hakukifua. Akasema amekifua, akakifumua, akaanza kufuma upya.

Mikono ya anayejifunza ni mizito. Aliangusha vitanzi, akakaza mno, akaacha matundu ya kupita panya. Akaweka kazi yake kitandani, akaenda kusali adhuhuri. Aliporudi, matundu hayakuwepo. Mistari ilikuwa imeongezeka, vitanzi vidogo vidogo, vimebana.

"Ahsante kwa kunisaidia, Bi Mgeni."

"Mimi? Si ndo kwanza natoka Kariakoo."

Kila alipotoka chumbani, sweta lilikua. Kifua kikapanuka, kikampita mtoto mchanga. Likawa la mtoto anayetembea. Lilelile alilolifumua.

Shadya akashika ncha ya uzi, akavuta. Tumbo likamkaza. Akavuta tena. Likamkaza zaidi.

"Acha," Bi Mgeni alinong'ona mlangoni. "Usivute, mwanangu."

Mkono ulishavuta. Kitu kikakatika, na si uzi.

Mtoto alizaliwa kimya. Sweta Bi Mgeni alilichoma moto hadi likawa majivu. Mama mkwe hakutoa chozi. Alisema tu, "Si niliwaambia?" Kuna watu wana roho ngumu jamani.

Shadya alibaki chumbani, matiti yamejaa hadi yanauma, maziwa hayana wa kuyanyonya. Mchana mmoja uchungu ukamchosha, akalala.

Alipoamka, maumivu hayakuwepo. Matiti yalikuwa matupu.

Sweta lilikuwa limelala kifuani pake, limekamilika na mikono yake yote. Lilikuwa na joto. Shingo ya sweta ilikuwa imelowa maziwa.